Zizi la mbuzi na namba sita: niliyojifunza katika kujaribu mbegu za muhogo pamoja na watafiti

Mwezi Novemba 2016, mvua za vuli zilipoanza, nilikubali sehemu ya shamba langu wilayani Mkuranga, mkoani Pwani, itumike kujaribia aina mpya za muhogo. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima, na sababu ya kuzitaka mbegu hizo nilikuwa nayo. Kwa misimu mitatu nilikuwa nimelima muhogo ambao ukiutazama shambani huoni kasoro: majani yamefunga, shina limesimama, mzizi umejaa. Siku ya kung'oa ndipo unapoukata na kukuta ndani una madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo, na mchuuzi aliyekuja na gari anaondoka bila kununua.

Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia, na si mgeni kwetu. Watafiti wa kituo cha Amani, kule Usambara, waliueleza tangu mwaka 1936, na hapohapo Amani ndipo ilipoanza kazi ya kuzalisha muhogo unaoustahimili kwa kuuchavusha na ndugu zake, ikiwamo aina ya muhogo-mwitu inayotoa mpira. Inzi weupe wanaueneza lakini hawaupeleki mbali. Wanaoupeleka mbali ni sisi wenyewe, kwa pingili tunazopeana kutoka kijiji hadi kijiji. Nilikuwa nimezipanda pingili za namna hiyo na kuwagawia wengine bila kujua, kwa hiyo aliponijia bwana shamba wetu na kuniambia kwamba kuna watafiti wanaotafuta shamba la majaribio, sikuhitaji kubembelezwa.

Ninayaandika haya kwa ajili ya wakulima watakaofikiwa na watafiti kama nilivyofikiwa mimi, na kwa ajili ya watafiti pia. Iliyotuponza haikuwa hila ya mtu yeyote, bali ni adabu: sisi tuliogopa kuwavunja moyo wageni, nao waliogopa kutusumbua kwa maswali mengi, na kila upande ukanyamazia jambo ambalo mwenzake alilihitaji.

Kikao cha kwanza kilifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Kiongozi wa timu alikuwa binti mmoja mtafiti, mwenye heshima sana, aliyewaamkia wazee mmoja mmoja kabla ya kusema lolote. Alieleza kwamba kutakuwa na aina nane: sita mpya, ambazo bado hazina majina na zitaitwa kwa namba, kisha Kiroba iwe namba saba, na mbegu yetu ya zamani iwe namba nane. Nilifurahi kusikia Kiroba imo, kwa sababu Kiroba haikutoka maabara. Ni mbegu ya wakulima wa ukanda huuhuu wa pwani, ambao waliiona inaugua kwenye majani lakini mizizi yake inachelewa kuharibika, wakaishikilia kwa miaka mingi, na watafiti wakaja kuipokea baadaye. Nilisema moyoni kwamba watu wanaoijua Kiroba watakuwa wanajua kutusikiliza.

Tulipofika shambani aliniuliza, "Mwalimu, hapa pamelimwa nini miaka mitano iliyopita?" Nikamjibu kwamba ni muhogo na kunde. Halikuwa jibu la uongo, lakini halikuwa kamili. Kwenye kona ya juu, karibu na njia, marehemu mume wangu alikuwa na zizi la mbuzi, na tulilivunja mwaka 2013. Sikulitaja kwa kuwa niliona ni habari ya nyumbani isiyohusu utafiti, na kwa kuwa, lazima niseme kweli, nilichelea kwamba nikianza kueleza kasoro za shamba wangeenda kulitafuta la mtu mwingine. Zizi hilo ndilo lililokuja kutugharimu sote.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kila aina ilipandwa mashina 49, yaani mistari saba yenye mashina saba, mita moja kwa mita moja. Kila aina ikarudiwa mara tatu katika sehemu tatu za shamba, jumla mashina 1,176, bila kuhesabu njia. Binti alinieleza kwamba marudio matatu yapo kwa sababu ardhi hailingani, hivyo aina iliyobahatika kuangukia penye rutuba isije ikaonekana bora kuliko wenzake. Kwenye kupima, wangehesabu mashina 25 ya katikati tu, maana yale ya pembeni ama yanapata mwanga na nafasi zaidi, ama yanabanwa na aina ya jirani. Shamba langu ndilo lililokuwa jaribio mama, na wanakikundi tisa kila mmoja alipewa aina tatu akapande kwake kwa utaratibu wake wa kila siku. Hayo yakaitwa majaribio watoto. Utaratibu huu wa mama na watoto ulianzia Malawi katika miaka ya 1990, na bado ninauona ni mzuri, kwa sababu mama anatoa vipimo vya uhakika na watoto wanaonyesha mbegu itakavyoishi kwenye mashamba yanayochelewa palizi na yenye kunde katikati ya matuta.

Kosa letu la pili tulilifanya siku hiyohiyo: hatukuandikiana chochote. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba wao wataleta pingili na kulipia upandaji na palizi mbili za kwanza, na kwamba mavuno yatakuwa yangu. Palizi ya tatu haikutajwa, nikailipia mwenyewe. Mlinzi hakutajwa, nami sikumweka. Na neno "mavuno yatakuwa yangu" kila mmoja alilielewa kivyake, kama nitakavyoeleza.

Ramadhani ya mwaka 2017 ilianza mwishoni mwa Mei, muhogo ukiwa na miezi saba. Jioni moja nilirudi kutoka kwa mgonjwa nikakuta mwanangu mdogo ameng'oa mashina matano ya namba mbili, tena ya katikati kabisa, kwa ajili ya futari, na wageni wameshakula. Nilitaka kunyamaza. Nilikaa wiki mbili nikijishauri, kisha nikampigia simu binti nikamweleza. Hakukasirika, aliniambia kwamba kwa kuwa amejua mapema, watagawanya uzito kwa idadi ya mashina yaliyobaki, na kwamba hatari kubwa ni pale ambapo mkulima anafukia shimo na kunyamaza, mtafiti anapima kana kwamba yapo yote, na mbegu njema inatupwa kwa kuonekana haizai. Tangu hapo ninamshauri kila anayepokea jaribio apande matuta yake mengine ya kula, karibu na nyumba, na awaonyeshe watoto mpaka kwa kamba. Familia haiwezi kulitazama shamba la chakula kwa mwaka mzima bila kuligusa, hasa katika mwezi wa futari.

Siku ya mavuno, Novemba 2017, walikuja watu wapatao sitini. Mashina yaling'olewa, na kila aina ikatandazwa mbele ya kitalu chake. Kwa kuwa watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali, upigaji kura ulifanyika kwenye marudio ya kwanza peke yake, yale ya karibu na njia na kivuli. Wanaume walipewa punje za mahindi na wanawake punje za maharage, ili baadaye ijulikane nani alipenda nini, na kila aina ikawekewa bahasha. Namba sita ilikuwa ya ajabu. Shina moja lilitoa mizizi tisa, mmoja nikaupima mwenyewe ukafika kilo tatu na nusu, na wageni wote walikuwa wamesimama hapo, wanapiga picha, wanawaita wenzao waje waone. Bahasha ya namba sita ikajaa mahindi na maharage hadi ikachanika.

Kitalu kile cha namba sita kilikuwa juu ya zizi la mbuzi. Nililijua hilo siku hiyo, nikiwa nimesimama pale pale, nikajiambia kwamba mbolea ya miaka minne iliyopita haiwezi kufanya kitu kikubwa namna hiyo.

Bibi mmoja jirani yangu, aliyekuwa na miaka zaidi ya sabini, ambaye tangu utoto wangu ndiye anayeitwa panapokuwa na shughuli kuchagua muhogo wa kuchemsha, alizitazama aina zote nane. Alikuwa anauvunja mzizi kwa mikono, anasikiliza unavyokatika, anakwaruza kwa ukucha, anaugusisha kwenye ulimi. Kisha akaenda akaitia punje yake kwenye bahasha ya namba sita kama wengine. Sikumuuliza kitu.

Baada ya kura lilikuja jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla. Ili kupima michirizi ya kahawia, kila mzizi unakatwa vipande vya mviringo na kupewa alama kuanzia moja, maana yake safi, hadi tano, maana yake umeoza. Ni lazima ifanyike hivyo, kwa kuwa ugonjwa hauonekani kwa nje. Lakini mashina 25 mara vitalu 24 ni mashina 600, ukitoa yale matano ya futari, na mizizi ya mashina yote hayo ilikatwa vipande siku mbili mfululizo. Muhogo mbichi, hata usiokatwa, haukai zaidi ya siku mbili au tatu. Uliokatwa hakuna mchuuzi anayeutaka. Nilipoambiwa "mavuno ni yako" nilikuwa nimewaza gari la kwenda Dar es Salaam, nao walikuwa wamewaza vipande hivyo nivikaushe niwe na makopa. Tulianika kwenye mikeka, mvua ikanyesha usiku wa kwanza na wa tatu, na sehemu kubwa ikaota ukungu. Nikijumlisha palizi ya tatu, vibarua wa kumenya na kuanika, na muhogo ambao ningeuza, nilipoteza kiasi cha shilingi 400,000. Nililia usiku ule, si kwa fedha peke yake, bali kwa sababu nilijiona nimefanywa mjinga nyumbani kwangu. Haikuwa hivyo. Binti hakujua kwamba mimi sijui, na mimi niliona haya kuuliza.

Halafu tukafanya kosa kubwa kuliko yote, na hili ni letu wakulima. Watafiti walitukataza kuchukua pingili za aina zisizo na majina, kwa kuwa zilikuwa hazijapitishwa. Kuna majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, na sheria ya mbegu ya mwaka 2003 hairuhusu kuuza mbegu ya aina ambayo haijaidhinishwa. Tuliitikia, na wageni walipoondoka watu wakaingia shambani. Namba sita ilikwenda kwenye kaya kumi na moja. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi, niliona, nikageuza uso.

Mwishoni mwa mwaka 2018 kaya zile zikaanza kung'oa. Mizizi ilikuwa ya kawaida, haikuwa ile ya siku ya kura. Mchuuzi tuliyemzoea alichukua gari moja, na wiki iliyofuata akarudi kutuambia kwamba wanaokaanga chipsi za muhogo na wanaochemsha wamemrudishia mzigo: unakaa jikoni muda mrefu, unabaki mgumu katikati na una maji pembeni, na ukikaangwa unanywa mafuta. Hakununua tena namba sita, na kwa miezi miwili hakununua muhogo wowote wa kijiji chetu, kwa kuwa hakuweza kuutofautisha. Jirani yangu mmoja aliyekuwa amepanda ekari nzima kwa fedha ya ada ya mtoto alisimama mlangoni kwangu asubuhi akaniuliza, "Mwalimu, si ninyi mlituambia hii ndiyo iliyoshinda?"

Kwa muda wote huo, miezi kumi na minne tangu siku ya mavuno, hatukuwa tumeletewa matokeo. Hilo ni kosa la upande wao, na nililiandikia barua ya kurasa mbili. Niliandika kwa heshima lakini bila kuficha: habari ya zizi, habari ya pingili, habari ya makopa yaliyoota ukungu, na ekari ya jirani yangu. Barua ile ndiyo iliyobadilisha mambo, na ninatamani ningekuwa nimeiandika miezi kumi na mitatu kabla.

Binti alikuja Februari 2019, bila msafara, akiwa na bwana shamba, mizani na ndoo kubwa ya maji. Alikuwa amefadhaika. Alisema kwamba vipimo vyao wenyewe vilikuwa vimeiondoa namba sita mapema, kwa sababu katika marudio ya pili na ya tatu ilizaa sawa na Kiroba tu, na unga wake ulikuwa mdogo. Lakini hakuna aliyerudi kutuambia, kwa kuwa walidhani sisi hatuna mbegu hiyo na kwa hiyo hatuna haraka ya kujua.

Kisha akatuonyesha jinsi ya kupima unga kwa maji, na jambo hili nilieleze kwa kirefu kwa sababu mkulima yeyote anaweza kulifanya. Unachukua kilo tano za mizizi mibichi iliyosafishwa, unaipima ikiwa ndani ya wavu mkavu, halafu unaipima tena wavu ukiwa umening'inia kwenye mizani lakini mizizi yote imezama ndani ya maji bila kugusa ndoo; uzito wa wavu wenyewe unauondoa pande zote mbili. Ndani ya maji uzito unapungua sana, na muhogo wenye unga mwingi unabaki mzito zaidi kuliko wenye maji. Kilo tano za namba sita zilibaki gramu 300. Kwa hesabu yao hiyo ni asilimia 26 hivi ya kitu kikavu, iliyobaki yote ni maji.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anatazama. Aliinuka akaenda kwake, akarudi na mizizi minne kwenye ungo, akasema, "Na hii mnipimie." Kilo tano zilipotimia kwa kuongeza mingine, zilibaki gramu 550 ndani ya maji, ambayo ni kama asilimia 36. Binti akauliza ni mbegu gani. Bibi akajibu kwamba ni ile namba tatu.

Siku ya kura bibi yule alikuwa ameipa kura namba sita, na jioni akachukua kimya kimya pingili za namba tatu akapanda nyuma ya nyumba yake. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu: "Mwanangu, mgeni ametoka mbali na mbegu yake, amesimama anaifurahia mbele za watu. Mimi nikamwambie haifai?" Binti akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, akakaa kimya kitambo. Tangu siku ile, aliniambia baadaye, kura aliiona ni nusu ya jibu; nusu ya pili ni kutazama watu wanabeba nini kwenda nacho nyumbani.

Katikati ya mwaka huohuo alitupeleka watu sita, wanne wanawake, kukiona kituo chao. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba muhogo una mbegu za kweli, za kwenye ua, kwa kuwa sisi tunapanda pingili na pingili inazaa mama yake bila kubadilika. Mbegu ya kwenye ua ni tofauti: kila moja ni mti mpya usiofanana na mwingine, kama watoto wa tumbo moja. Kwenye kitalu cha miche tuliona maelfu, kila mche ukiwa peke yake duniani. Mwaka wa kwanza wanachagua machache. Mwaka wa pili kila mche uliobaki unapandwa mstari mmoja. Kisha vitalu vidogo, kisha vikubwa, kisha wilaya mbalimbali, na kwa kuwa shina moja linatoa pingili kama kumi tu kwa mwaka, kazi hiyo haiharakishwi. Kutoka kuchavusha hadi aina kupata jina ni miaka minane hadi kumi.

Hapo ndipo niliposhikwa na swali ambalo bado ninalo. Aina sita zilipoletwa kwetu, maelfu yalikuwa yameshatupwa, na waliotupa walitazama ugonjwa, uzito na umbo la mti. Hakuna aliyekuwa amepika. Huenda ndani ya yale yaliyotupwa kulikuwa na namba tatu kumi. Nilimwambia mkuu wa shamba kwamba mkulima akiitwa mwaka wa nane anaitwa kushuhudia, si kuchagua, na kwamba wangewaita wapishi wawili watatu mwaka wa tatu, hata kwa siku moja, wangejiokoa na mengi. Alisema kwamba mwaka wa tatu mizizi haitoshi kupikwa mara nyingi. Mmoja wetu, mama anayeuza muhogo wa kuchemsha asubuhi kituo cha basi, akamjibu kwamba yeye anahitaji mzizi mmoja tu na sufuria. Kuanzia msimu uliofuata wakaanza kumwita.

Jaribio la pili tulilipanda Novemba 2019 na kulivuna mwaka uliofuata, na tulilifanya kwa namna nyingine kabisa. Kabla ya kupanda tulikaa siku nzima, wanawake peke yao na wanaume peke yao, tukieleza muhogo mzuri ni upi. Wanaume walitaja mavuno, bei, na mti mrefu usiotawanya matawi chini ili kunde zipate jua. Wanawake walitaja mambo ambayo hayakuwamo kwenye fomu yoyote: ganda linalobanduka kwa mkono mmoja, kisamvu kisicho kichungu, muhogo unaoiva kabla mkaa haujaisha, unaoweza kukaa ardhini miezi kumi na sita ukiusubiri msiba au ada bila kugeuka kuni. Siku ya mavuno tulipika kwanza. Kila aina ilichemshwa kwenye sufuria yake kwa muda uleule, ikapewa herufi badala ya namba, watu wakasukutua maji kati ya aina na aina, na watafiti wakaombwa wakae mbali chini ya mwembe hadi kura ya mwisho iingie. Walikubali, na ninaamini haikuwa rahisi kwao.

Namba tatu iliongoza kwa wanawake kwa mbali sana. Kwa wanaume ilikuwa ya tatu, kwa sababu inatawanya matawi chini na palizi yake inaumiza mgongo. Na kwa watafiti ilikuwa na tatizo: majani yake yalionyesha dalili za michirizi, kwa hiyo kwenye kipimo cha majani ilikuwa na alama mbaya, ingawa mizizi karibu yote ilipata moja au mbili. Mjadala ulichukua saa tatu na haukuwa wa kupeana maua. Mtafiti mmoja mwandamizi alisema kwamba aina yenye dalili kwenye majani ni hifadhi ya ugonjwa, inzi weupe watautoa hapo na kuupeleka kwa jirani. Ana haki. Sisi tukasema kwamba Kiroba nayo ni hivyohivyo na imetulisha. Tuliafikiana kwamba namba tatu iendelee kujaribiwa, kwa sharti kwamba pingili zake zitunzwe kwenye shamba la mbegu lililo mbali na mihogo mingine, na kila shina lenye dalili ling'olewe mapema. Haijapata jina hadi ninapoandika, nami sipendi kuisifu kuliko ilivyopimwa.

Kwa wanaosubiri aina mpya zipitishwe, njia halali ipo, nasi tuliichelewa. Wanakikundi wawili walijiandikisha kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, kwa aina zilizokwisha kupitishwa, shamba lao linakaguliwa, na pingili wanaziuza kihalali. Kama tungeifuata njia hiyo mwaka 2017, zile kaya kumi na moja zisingepoteza msimu. Namba sita tuliing'oa yote na kuichoma, shamba kwa shamba, nami nikiwa wa kwanza kwenda kwa jirani yule wa ekari nzima kumwomba radhi. Alinisamehe baada ya muda.

Siku hizi hatupokei jaribio bila karatasi mbili, moja ya kikundi na moja ya mwenye shamba, zenye sahihi ya mtendaji wa kijiji. Ndani yake tunaandika nani analipia palizi ngapi, mizizi itakayokatwa vipande inalipwa kwa kilo kwa bei ya siku hiyo sokoni, mashina ya pembeni ni ya nani na yanaruhusiwa kung'olewa lini, pingili zitakwenda wapi baada ya mavuno, na matokeo yatarudishwa kijijini ndani ya miezi mitatu hata kama ni mabaya. Tumeongeza pia swali la jina. Iko sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mchango wa wakulima usipoandikwa mapema hakuna atakayeukumbuka aina itakaposajiliwa. Kwa hiyo tunaomba iandikwe kwamba kikundi kilishiriki kuichagua. Hakuna mtafiti aliyekasirishwa na karatasi hizo. Kadhaa wametuomba nakala wakazitumie kwingine.

Kabla ya kupanda jaribio la tatu, Novemba 2021, nilichora ramani ya shamba langu kwenye karatasi kubwa ya kufundishia, kama nilivyokuwa nikichora ubaoni darasa la nne. Nilitia zizi la mbuzi kwa rangi nyekundu, kichuguu tulichokisawazisha, mahali pa mnazi ulioanguka na kuoza, na bonde dogo linalotuama maji ya masika. Binti aliitandaza chini, akaiwekea mawe pembeni isipeperuke, akatembea nayo shambani kona kwa kona akipima kwa kamba. Marudio ya kwanza aliyasogeza mita kumi na mbili kutoka njiani. Pale palipokuwa na zizi nilipanda mchicha.